Uzi wa Tano Kwenye Nafasi ya Nne

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa gitaa. Fundi Mkuu, ambaye karakana yake ilikuwa nyuma ya maduka ya Mbinga mjini, alinimwagia mezani rundo la nyuzi kuukuu, akanifunga macho kwa kitambaa kilichonuka vanishi.

"Zipange kwa unene," alisema.

"Nitazijuaje bila kuziona, mzee?"

"Umemaliza kidato cha nne, na vidole hukupewa?"

Nilipapasa hadi saa ya chakula. Nilipofunguliwa macho, nilikuwa nimekosea nyuzi mbili tu. Hakunisifu. Alisema, "Uzi hausomi jina lililoandikwa kwenye pakiti. Unajua unene wake, urefu wake na ulivyovutwa, basi." Niliyachukulia kuwa maneno ya mzee anayependa kujisikia. Nilikuja kuyaelewa baada ya miaka mingi, kwa sababu ya mkono wa mtu mmoja.

Nilipotoka kwa Fundi Mkuu nilifungua meza yangu Kitai, pale mabasi yanaposimama kati ya Songea na Mbinga. Si pazuri kwa mtu kama mimi. Kila honi ilinifanya nitamani kujua basi linakwenda wapi. Siku moja nilifunga vifaa vyangu, nikateremka hadi Mbamba Bay, nikakaa kandokando ya Ziwa Nyasa muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa popote.

Kule ziwani nilikuta kila chombo cha muziki kimefungwa mshipi wa kuvulia samaki badala ya uzi. Msiwacheke wapigaji wake. Mshipi ni nailoni, na kwa uzi mwembamba wa juu unafaa kabisa. Kwa sauti nzito haufai, kwa sababu inabidi uwe mnene mno, na mshipi mnene hautetemi vizuri, unadunda tu. Sauti nzito inataka uzi uliozungushiwa waya mwembamba, ambao una uzito na bado unapindika.

Hapo ndipo aliponifikia Mwalimu wa Kwaya kutoka Kitura. Ameteremka na basi toka milimani, mkono wa kushoto kauweka mfukoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Nitafutie gitaa la vidole viwili."

Nilicheka. Akautoa mkono mfukoni. Mashine ya kumenya kahawa ilikuwa imechukua kidole cha kati na cha pete, na kidole cha mwisho kilikuwa kimekakamaa. Kilichobaki ni gumba, shahada, na ncha ya kile cha mwisho iliyokuwa bado na nguvu kidogo.

"Pole, mwalimu."

"Usinipe pole, nina za kutosha nyumbani. Mwenyekiti wa kwaya ameniambia, sherehe ya somo wetu, mtakatifu wa kigango, ikifika sina chombo, kwaya anapewa kijana mwenye kinanda cha umeme. Umeme wenyewe unakuja ukipenda."

Alikuwa ameifundisha kwaya ile tangu waimbaji wake wengi hawajazaliwa. Alisema akiwekwa benchi ataacha hata kwenda kusali Kitura, atasali kigango kingine. Kwa Mkatoliki wa milimani, hayo si maneno ya mzaha.

Nikapanda basi kwenda Songea, kwenye duka lililokuwa na ukulele tatu. Ukulele ni gitaa dogo la nyuzi nne. Zile ndogo zina sauti ya kitoto, na uzi wake wa nne mara nyingi ni mwembamba, unaimba juu. Kubwa kuliko zote huitwa bariton, na nyuzi zake zinateremka kwa mpangilio wa nyuzi nne nyembamba za gitaa: so, do, mi, la, kwa wale wanaoimba kwa noti za kanisani. Ndiyo niliyoitaka.

Sikutazama rangi. Nilipima kwa shibiri kutoka kizingiti cha kichwani hadi kwenye daraja, yaani kile kijiti kilichogundishwa kifuani kinachoshika nyuzi. Bariton ya kweli ni shibiri mbili na vidole vitatu. Niligonga kifua kwa kifundo cha kidole. Moja ilijibu kama sanduku la soda, nikairudisha. Nilipitisha karatasi chini ya daraja. Ya pili karatasi iliingia, maana yake gundi imeachia, nikairudisha. Nilichungulia shingo ya ile ya tatu kama mtu anayechungulia bunduki, ikawa imenyooka. Nikainunua, pamoja na pakiti ya nyuzi za nailoni za gitaa.

Na hapo nikafanya kosa la msomi. Pakiti ilisema uzi wa nne ni so, wa tatu do, wa pili mi, wa kwanza la. Ukulele inataka so, do, mi, la. Niliporudi Mbamba Bay nikafunga hivyo hivyo na kujipongeza.

Mwalimu alipokuja kuichukua, alipiga mara moja akaacha.

"Fundi, hii inaongea kama mtu mwenye ugali mdomoni."

Ilikuwa kweli. Nyuzi zililegea, ziligonga vyuma vya shingo, na alipolaza kidole juu ya nyuzi tatu, sauti ilipinda. Kulaza kidole ndiyo ilikuwa njia yake pekee. Kodi ya do, yaani nyuzi zote nne zikilia pamoja, aliipata kwa kidole kimoja, ya fa kwa viwili, lakini ya so ilitaka alaze shahada kisha asimamishe ncha ya kile kingine mbele yake. Bila so, hakuna wimbo wa kanisani unaofika mwisho.

"Weka za chuma," alisema.

"Za chuma zitang'oa daraja, mwalimu."

"Sherehe ni Jumapili. Ling'oke Jumatatu."

"Halitang'oka siku yoyote. Nipe hadi kesho asubuhi."

Alilala kwa ndugu yake, mimi nikabaki na pakiti. Niliyaona yale majina mezani, nikamkumbuka Fundi Mkuu. Nikafumba macho, nikapapasa. Shingo fupi hupandisha sauti ya uzi. Ukitaka uzi ule ule utoe sauti ya gitaa kwenye shingo fupi, inabidi uulegeze, na uzi uliolegea hauna kifua. Basi dawa ni uzi mnene zaidi, uvutwe kama unavyovutwa kwenye gitaa. Nikauacha wa kwanza. Nikachukua wa tano nikauweka nafasi ya nne, wa nne nikauweka ya tatu, wa tatu ya pili, wa pili ya kwanza. Nyuzi mbili nzito zote zikawa za waya. Nilikaza polepole, nikizivuta kwa kidole ili zikae, nikikaza tena, hadi alfajiri.

Mwalimu alilaza kidole. So ikatoka, imenyooka na nzito, kama gitaa lililoko chumba cha pili. Aliipiga tena, na tena, hadi basi lake likapiga honi.

Jumapili nilikuwa Kitura, nimekaa nyuma. Katikati ya wimbo wa mwanzo Mwenyekiti aligeuka, akatazama huku na huku, akaniinamia: "Nani anapiga gitaa? Liko wapi?" Nikamwonyesha Mwalimu kwa kidevu.

Sasa nimeacha kazi. Sijafika miaka hamsini, lakini sikio la kulia limekufa na la kushoto linaelekea huko, na fundi asiyesikia ni mharibifu. Ninyi mna simu zinazopima sauti ya uzi zenyewe. Zitumieni, ila zisiwachagulie nyuzi. Nimehamia Namswea, nalima mahindi, na bado nikiona basi miguu inaniwasha.

Mwezi uliopita Mwalimu alipiga simu. Ilibidi arudie mara tatu ndipo nikamsikia.

"Uzi umekatika, fundi! Ule mnene. Nimeambiwa dukani ni wa nne!"

"Usinunue. Nakutumia."

Nikafungua mkoba wangu wa zamani, nikafumba macho, nikapapasa mara moja. Jioni uzi ulikuwa Kitai mikononi mwa kondakta, ndani ya bahasha isiyoandikwa namba ya uzi.