Fidla Niliyoianika Pamoja na Muhogo

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu kando kidogo. Mimi niliacha shule darasa la tatu, kwa hivyo msitafute maneno makubwa hapa. Nataka mjue nilivyomfanyia mjukuu wangu, na mjue kutoka kwangu, si kwa jirani.

Mjukuu huyo ni msichana, anasomea muziki chuo kikuu. Anapiga fidla, ile ya kuwekwa chini ya kidevu na kusuguliwa kwa upinde. Muziki wenyewe umeandikwa kwenye karatasi, na waliouandika ni Wazungu waliokufa zamani. Fidla ni ya chuo. Mwalimu wake, mama mmoja mpole wa sauti lakini hapendi mchezo, humruhusu mwanafunzi kwenda nayo nyumbani likizo akimwamini tu. Alimwamini huyu wetu. Tena alikuwa amemchagua apige mbele ya watu hapa Busia, katika ukumbi wa kanisa, yeye mwalimu akimfuata kwa piano.

Basi msichana akaja nayo kwangu Bukhayo, likizo ya mvua nyingi. Kila asubuhi alisimama sebuleni akikaza nyuzi na kusonya.

"Unyevu wa huku, Kukhu. Sauti imelala kabisa." Kukhu ni mimi, bibi yake.

"Si uianike juani?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Fidla haianikwi, Kukhu! Tafadhali usiiguse. Hata kidogo."

Neno hilo liliniudhi. Katika nyumba yangu hakuna kitu ninachokatazwa kugusa. Na mambo ya ngoma si mageni kwangu. Tangu mume wangu afariki, ngoma ya kanisa naitunza mimi. Kila Jumapili kabla ya ibada naitoa nje, naiegemeza ukutani upande wa jua, ngozi inakaza, na ikipigwa inasikika mpaka barabarani. Ngoma ikilala sauti unaipa joto. Hilo nimelijua tangu nilipoolewa, na sikulijulia chuoni.

Siku ya mwisho ya likizo msichana alipanda bodaboda kwenda Malaba kumuaga mama yake, ambaye anauza nguo karibu na foleni ya malori. Jua likatoka, lile linalochoma baada ya mvua. Nilikuwa nimeanika muhogo juu ya mabati nyuma ya jikoni. Nikatoa fidla kwenye sanduku lake, nikasogeza muhogo, nikailaza pale katikati. Kisha nikaenda kupalilia mtama.

Niliporudi, ubao wa juu ulikuwa umeachana na ubavu. Ufa wake ungepitisha kidole. Nikaubana kwa mkono. Ukifunga huku, unafunguka kule. Nikaipangusa kwa kitenge, nikairudisha sandukuni, nikafunga. Msichana alirudi na mkate, nikaupokea, nikamuuliza habari za Malaba. Kesho yake mapema akabeba sanduku mgongoni, na mimi nikamsindikiza hadi stendi nikimwombea safari njema. Nilijua kilichokuwa mgongoni mwake na bado niliomba.

Hakunipigia simu kunilaumu. Nikajidanganya kwamba huko chuoni wana fundi, wameitengeneza, yamekwisha.

Siku ya muziki ilipofika nilivaa gauni langu la harusi za watu, nikaenda na wake za wanangu na jirani yangu mmoja. Tukakaa mstari wa kwanza. Mwalimu akaketi kwenye piano. Aliyetokea na fidla alikuwa mvulana nisiyemjua. Mjukuu wangu alisimama kando ya piano, akimfungulia mwalimu karatasi.

Jirani akaniinamia. "Mama, si ulisema atapiga?"

Nikajifanya natengeneza kitambaa changu cha kichwa.

"Miaka mitatu chuoni, kumbe anasomea kufungua karatasi! Hata mimi ningeenda."

Wake za wanangu wakacheka ndani ya leso. Nikamwambia jirani anyamaze. Muziki ulipoisha nilipiga makofi kama wengine.

Baadaye kulikuwa na chai. Mwalimu akaja kunisalimu, akinishika kwa mikono miwili.

"Mama, huyu mtoto ana mkono mzuri sana. Lakini alinirudishia fidla imefunguka, na hataki kusema aliiweka wapi. Ilibidi nafasi nimpe mwingine. Sijui kama nitamwachia chombo tena."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema ukweli. Nikasema, "Watoto wa siku hizi ni wazembe, Mwalimu. Hata nyumbani huwa namwambia."

Niliyatamka maneno hayo kwa kinywa changu, na wake za wanangu wakasikia. Msichana alikuwa karibu, ameshika sinia ya vikombe. Mwalimu alipogeuka kusalimu wengine, akaiweka sinia chini na kuniambia polepole kwa lugha ya kwetu, "Kukhu, ndani mlikuwa na unga wa muhogo. Niliutoa kabla Mwalimu hajauona."

Nimechapa watoto sita kwa sababu ya uongo. Nilimwangalia yule msichana, nikaweka kikombe changu chini.

"Mwalimu!" nikaita. "Rudi. Fidla niliifungua mimi. Niliianika juani."

"Uliianika wapi, Mama?"

"Juu ya mabati. Na muhogo."

Jirani akasema "Uuwi!" na safari hii hakucheka.  Mwalimu akanieleza, bila ukali, kwamba gundi ya fidla hupikwa kwa ngozi ya ng'ombe, na joto huiachilia. Akamgeukia msichana.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ni Kukhu," akajibu. Basi.

Mwalimu alisema fidla ikitoka kwa fundi itarudi mikononi mwa msichana. Lakini bado walikuwa na siku ya kupiga kule chuoni, mbele ya wakubwa wote, na nafasi hiyo ilikuwa imeshaandikwa kwa yule mvulana, naye amefanya mazoezi. Hangeweza kumnyang'anya. Msichana akaitikia kwa kichwa. Mwaka huu hatapiga, na aliyemnyima ni mimi.

Wake za wanangu walikuwa wametangulia nyumbani kabla sijakiri, wakiwa na lile neno langu la uzembe. Nilipofika nikakuta wajukuu wadogo wanaimba uani, "Fidla imemshinda, kapewa karatasi!" Niliwanyamazisha, nikawaita wote, wakubwa kwa wadogo, wakasimama mbele yangu. Nikawaambia nilichofanya. Kisha nikawaagiza: "Mtu yeyote akiuliza fidla ya chuo ilifunguliwa na nani, semeni ni Kukhu. Msiseme mvua, msiseme jua. Hata kama anayeuliza ni pasta na mimi nimekaa hapo hapo, mnioneshe kwa kidole."