Anayepima masikio kando ya mashine ya kusaga

Saa mbili asubuhi, pembeni mwa soko la Kibondo, Esteri Hatungimana amesimama mlangoni pa mashine ya kusaga kuomba kitu ambacho hakiuzwi pale: kimya.

Unga umeshatua kwenye nyusi zake. Anamwonyesha Mansuri, mwenye mashine, kidole kimoja, kisha anaweka shavu kiganjani kama mtu aliyelala, maana kwa ngurumo ile maneno hayafiki. Mansuri anaelewa. Ameelewa tangu wiki ya kwanza, ila hujifanya haelewi mpaka aombwe mara ya pili.

"Dada masikio, wateja wangu wanataka ugali," anasema mashine ikizimika na mkanda wake ukipunguza mwendo. "Wewe unataka nifunge biashara ili usikie nini?"

"Nataka watoto ndio wasikie, baba. Mimi nimeshasikia mpaka nimechoka."

Wanawake walio kwenye foleni na madebe yao ya mahindi wanacheka ndani ya barakoa. Kisha wananyamaza bila kuambiwa. Nao wamezoea.

Nyuma ya kituo cha afya kilichopakana na mashine hiyo kuna benchi moja, mkeka mmoja na ndoo ya maji ya kunawa. Hapo ndipo Esteri, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, anapomalizia mafunzo yake ya vitendo. Anasomea kupima usikivu na kuwasaidia wasioweza kusema vizuri. Ni kazi ambayo wengi wa wanaokuja kituoni hawajawahi kuisikia, na anayeisikia hudhani ni kusafisha nta.

Yeye mwenyewe hakuichagua. "Niliomba uuguzi," anasema. "Majina yalipotoka nikakuta nimepangiwa masikio. Nililia siku ile. Sasa nalia kwa sababu nyingine."

Sababu hizo anazo nyingi, na hazifichi. Alitakiwa awe kwenye hospitali kubwa, ndani ya chumba chenye kuta nene zinazomeza kelele, mkufunzi akiwa amesimama begani pake. Korona ilipoingia, hospitali ilifunga milango kwa wanafunzi. Chuo kikawaambia kila mmoja atafute kituo karibu na kwao, wakufunzi wangewasimamia kwa simu.

Kwao ni Titye, wilayani Kasulu, ambako wazazi wake wanalima maharage na mihogo katika shamba ambalo babu yake alilifyeka alipokuja kutoka Burundi. Siku tatu za wiki anakuwa Kibondo, siku zinazobaki anarudi Kasulu kwa shangazi yake na kufanya kazi katika kituo kingine. Chumba alichoahidiwa Kibondo kilijazwa ndoo, sabuni na magauni ya kujikinga kabla hajakiona ndani. Akaambiwa afanyie kazi nje, kwenye hewa. Hewa ilikuwepo. Mashine ya kusaga nayo ilikuwepo.

"Ni sawa na kumwambia mtu apike, halafu umpe jiko lililo mtoni," anasema.

Barakoa ilikuwa kero ya pili. Mtoto anayejifunza kutamka lazima aone midomo ya anayemfundisha. Safina, mshonaji wa Kasulu, alimshonea barakoa yenye kidirisha cha nailoni ngumu iliyokatwa kwenye jalada la daftari. Ilikuwa nzuri mpaka Esteri alipofungua mdomo. Kwenye neno la kwanza kidirisha kikapata ukungu, na watoto wa sokoni wakaanza kumwita Dirisha. Mpaka leo wapo wanaomwita hivyo.

Kero ya tatu ni simu. Msimamizi wake, Madam Tunu, yuko Dar es Salaam, na kila mtoto anayepimwa sharti amwone kwa video. "Bando la elfu mbili linaisha kabla Madam hajaona sikio moja," anasema Esteri. "Nabaki namwambia 'Madam, unanisikia?' Mimi, mtu wa masikio."

Lakini ukimwuliza ni lini hasa alitaka kuacha kila kitu arudi shambani, hataji simu wala barakoa. Anamtaja Venanti.

Venanti ni mtoto wa Ininahazwe, mama mkulima anayekuja sokoni na mahindi yake ya kusaga. Alikuwa anakaribia kutimiza miaka miwili na hakuwa ametamka neno. Nyumbani kila mtu alikuwa na jibu lake. Baba yake alisema naye alichelewa kusema, ataanza tu. Bibi alitaka uzi wa chini ya ulimi ukatwe. Majirani walimlaumu mama kwamba hazungumzi na mwanawe. Ininahazwe, aliyechoka na majibu, akaja kwa Esteri na swali moja: mwanangu anasikia au hasikii?

Utaratibu wa korona ulitaka watu wakae mbalimbali na mtoto asipitishwe mkono kwa mkono. Kwa hiyo Venanti alipimwa akiwa mgongoni, ndani ya mbeleko. Sanduku la vifaa vya kutolea sauti lilibaki chuoni, kwa kuwa kuchangia vifaa kulikatazwa. Esteri alibaki na mikono yake. Mama akaambiwa asimame tuli. Muuguzi wa kituo akashika simu kurekodi. Esteri akaenda nyuma yao, upande, mahali ambapo mtoto hawezi kumwona, akapiga makofi.

Venanti akageuza kichwa. Makofi ya pili, akageuka tena.

Madam Tunu aliitazama video hiyo na kusema mtoto anasikia. Tatizo ni usemi tu, aanze mazoezi. Nafasi za kupimwa kwa mashine mjini Mwanza ni chache mno, hawezi kumpa mtoto aliyegeuka mbele ya macho yake.

Mazoezi yakaanza. Esteri alimwimbia Venanti, alimwigia mbuzi na kuku, alimtajia kijiko na kikombe mpaka wauza nyanya wakawa wanaitikia kwa niaba yake. Mtoto alimtazama kwa upole, akamwonyesha punje ya mahindi. Wiki zikapita. Esteri alianza kumwuliza Ininahazwe, kwa sauti ambayo leo anaijutia, kama kweli nyumbani wanayafanya mazoezi.

"Alikuwa ananijibu 'tunafanya, dada,' na mimi simwamini. Basi na mimi nikawa kama wale majirani."

Siku iliyofungua macho yake haikuwa ya mazoezi. Ininahazwe alikuja kusaga, akamkalisha Venanti juu ya gunia lililokunjwa, naye akaenda kushika foleni. Mansuri, akihamisha madebe matupu mashine ikiwa imezimwa, akaliangusha moja nyuma ya mtoto. Wanawake waliruka. Mbwa aliyelala chini ya benchi akatoka mbio hadi barabarani. Venanti aliendelea kupanga punje zake mstari mmoja.

Esteri alikimbilia simu yake na kuifungua ile video. Safari hii hakumtazama mtoto. Alimtazama mama.

Upande huu wa nchi salamu ya heshima ina makofi yake. Viganja vinakunjwa kama kikombe na kupigwa taratibu, na anayesalimiwa hupinda goti kidogo kuitikia. Korona ilipokataza kushikana mikono, salamu hii ilipata nguvu mpya, hata vijana waliokuwa wameiacha wakairudia. Esteri amelelewa nayo. Alipokosa kifaa, mikono yake ilipiga makofi inayoyajua. Na Ininahazwe, aliyeambiwa asimame tuli, alikuwa amepigiwa makofi na mtu anayemheshimu.

Kwenye video inaonekana wazi kwa anayejua pa kutazama. Makofi yanapigwa, goti la mama linapinda, mgongo unashuka, na mtoto aliye mgongoni anageuka kutazama ni nini kimemtikisa.

"Tulimpima mama," anasema Esteri. "Mtoto ndiye akafaulu."

Alipomweleza, Ininahazwe hakukataa. Alishangaa tu kwamba kuna mtu angetegemea kitu kingine. "Dada, wewe unanipigia makofi, mimi nikae kama gogo? Kwetu sikulelewa hivyo."

Madam Tunu hakuridhika. Kwake goti kupinda kidogo hakukuwa ushahidi, na watoto wakizama kwenye mchezo hawashtuki hata kwa debe. Alimkumbusha Esteri kwamba amebakiza muda mfupi amalize, na kubadilisha majibu mwishoni si jambo la kukurupukia. Akamtaka amletee kitu cha kueleweka. Esteri alipotaka kujibu, bando likaisha.

Anasema alikaa kwenye lile benchi akiwa na simu mkononi, akiwa na hasira na kila mtu. Na Madam ambaye hajawahi kusalimiwa kwa makofi. Na chuo. Na ugonjwa wenyewe. Na mikono yake. Mtoto akipitwa na miaka hii ya mwanzo, lugha humpita pia, na kila wiki waliyoimba nyimbo za mbuzi ilikuwa wiki iliyopotea.

Kesho yake alimfuata Mansuri, akamwomba kimya kirefu kuliko vyote alivyowahi kumwomba. Mansuri alimwuliza kama anataka na yeye aache kupumua. Kisha akazima.

Muuguzi hakutaka mtoto atolewe kwenye mbeleko. Wakabishana, mpaka wakakubaliana mkeka uoshwe kwa sabuni na mama akae upande wa pili, mbele ya mtoto. Ininahazwe aliambiwa kila kitu mara hii. Akashika ukingo wa mkeka kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia mwili wake usimwaibishe, akawa anamtazama mwanawe tu. Muuguzi akarudi nyuma na simu. Esteri akapita nyuma ya Venanti, jua likiwa usoni pake ili kivuli chake kiangukie nyuma yake na si mbele ya mtoto. Akapiga makofi.

Ininahazwe hakutikisika. Ila hakuna aliyekumbuka kuiambia foleni ya mashine.

Wanawake wote, na madebe yao, wakapinda magoti. Mmoja akaitikia, "Mwakeye," salamu ya asubuhi ya huku. Mansuri mwenyewe, mlangoni, akainamisha kichwa. Makofi ya pili, foleni ikashuka tena kama mtama ulioguswa na upepo.

Venanti akachukua punje nyingine, akaipanga.

"Nilitaka kulia," anasema Esteri. "Niliona wameniharibia tena. Nikaituma hivyo hivyo, maana bando la kurudia sikuwa nalo."

Baada ya muda Madam Tunu alipiga. 

"Hao wa nyuma ni akina nani?"

"Ni wateja wa mashine, Madam."

"Wote wamesikia."

"Wote."

"Isipokuwa yeye," alisema Madam Tunu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Mlete Mwanza. Nitampatia nafasi."

Safari hiyo ni wiki ijayo. Mashine ndiyo itakayosema Venanti anasikia kiasi gani, kama anasikia chochote, na kama kifaa cha kuvaa sikioni kitamsaidia. Esteri hamwahidi mama wa mtoto zaidi ya hapo. Ila hakungoja. Mazoezi ya nyimbo ameyaacha, na sasa anamfundisha Ininahazwe kuzungumza na mtoto kwa mikono na uso, barakoa ikishushwa wakiwa wawili tu, mbali na wengine.

Baba na bibi bado hawajakubaliana na habari hiyo. Bibi anasema mtoto anayecheka vizuri hivyo hawezi kuwa kiziwi. Esteri ameacha kubishana naye. Amemwomba tu aje sokoni siku moja, ajionee.

Kuhusu yeye mwenyewe, Madam Tunu amemwambia atamaliza na wenzake. Akihitimu anataka kurudi huku huku, kati ya Kasulu na Kibondo. Akiulizwa angeomba nini kama angepewa kitu kimoja, hafikirii.

"Chumba. Chenye ukuta mnene na mlango. Na kiwe mbali na huyu baba."

"Ukihama nani atanipumzisha?" anauliza Mansuri kutoka mlangoni, mkono ukiwa tayari kwenye swichi. Foleni yake imerefuka hadi kwenye meza za dagaa, na mama mmoja analalamika kwamba jua litamkuta na mahindi kichwani.

Kwenye mkeka, Ininahazwe amepiga magoti mbele ya mwanawe. Anangoja mpaka Venanti anyanyue macho. Anakunja viganja kama kikombe, anapiga makofi pale mtoto anapoyaona, na kuinama kidogo. Venanti anatazama mikono, anatazama uso. Anaweka punje chini na kuanza kukunja viganja vyake, kimoja kikiwa bado kimejaa unga.

Mansuri anauliza kama sasa anaweza kuwasha.

Esteri hageuki. Ananyanyua kidole.

"Subiri, baba. Mtoto hajamaliza kusalimia."