Vidonge Kumi vya Mama Mkwe

Mwanangu, wewe nakuamini, ndiyo maana nakusimulia hili. Siku ile naikumbuka vizuri. Nilikuwa nimeolewa juzi juzi hapa Ipagala, nimeanza masomo ya jioni, na hesabu za kugawanya zilikuwa zimenipanda kichwani, Mungu anisamehe.

Mama mkwe wangu alikuwa na presha. Kila asubuhi alimeza kidonge kimoja cha miligramu hamsini, lakini presha ikawa haishuki vya kutosha, daktari akambadilishia dawa. Kufungua pakiti mpya, naona miligramu tano! Nikasema huyu mama wamempunja. Nikagawanya hamsini kwa tano, nikahesabu vidonge kumi kwenye kisosi, nikampelekea na maji.

Akavitazama. "Mkwe, hivi ni vya kumeza au vya kupanda shambani?"

"Mama, ni hesabu. Nimesoma."

"Aliyekufundisha hesabu amekufundisha na dawa?"

Nikabeba kisosi. Mama akajifunga kitenge, tukaenda kuuliza.

Binti wa duka la dawa alipoona kile kisosi alishtuka. "Shikamoo mama. Umemeza?"

"Marahaba. Sijameza, akili zangu bado ninazo."

"Mungu mkubwa! Dada, vyote hivi vingemshusha presha mpaka aanguke, pengine asiamke tena."

Nikamwomba anifafanulie, mwanangu.

Akanieleza taratibu. "Pilipili kichaa moja na zile ndefu nne, mchuzi unawasha sawa, si ndiyo? Ile ndogo ni kali tu, kidogo kinatosha. Haya, weka hoho ndoo nzima. Mchuzi utawasha?"

"Wapi!"

"Basi. Ukali wa dawa ni kiasi gani kinatosha. Uwezo wake ni mbali kiasi gani inaweza kukufikisha. Ile ya zamani kwa mama ilishafika mwisho kama hoho, hata ungeongeza isingeshusha zaidi; hii mpya ndiyo kichaa, kidonge kimoja kinatosha."

Mama akawa anameza kimoja tu kila asubuhi. Presha ikashuka, akarudi kuvuna zabibu Makutupora, na kwenye kwaya akawa anatufunika sote kwa sauti. Mimi akaniita Daktari wa Kisosi mbele ya wageni, tukacheka mpaka machozi.

Mwanangu, namba ya dawa hii usiilinganishe na ya dawa ile. Namba ndogo haimaanishi dawa dhaifu, na kubwa haimaanishi itafanya kazi zaidi. Meza ulivyoandikiwa, na ukiwa na shaka uliza kabla hujameza, hata kama umesoma. Mungu akupe afya, na akuwekee karibu mtu wa kukuzuia mkono. Na kama kwa jirani yako kuna mzazi anayebadilishiwa dawa, pita umsimulie anayemtunza.