Mwenyewe Huyo

Mdogo wangu Edina ni mwoga, na usimcheke. Kila asubuhi anashuka na ndoo mpaka pale mto Ruhuhu unapoingia ziwani, anasimama mbali na maji, na magoti yake yanagongana mbele ya watu. Bomba la kijiji linakoroma hewa tu. Maji ni hayo ya mto, utake usitake.

Hakuzaliwa hivyo. Huyu alikuwa akimaliza kuanika usipa, dagaa wetu wa ziwani, anajitosa pale mlangoni mwa mto, anaogelea mpaka mama anamfuata na fimbo. Siku hizo matete yalijaa pande zote mbili, marefu kumpita mtu, na mbasa walipanda mto kwenda kutaga kwa wingi hata paka wetu walikuwa wanachagua. Mamba walikuwepo. Walilala hukohuko ndani ya matete na samaki wao, nasi tulichota mahali petu. Kila mtu na kwake.

Kisha akaolewa na Egidi, Mmatengo wa Mbuji, kule milimani. Tulimtania sana, maana Mmatengo akiona ardhi haijalimwa anaumwa kichwa. Aliposhuka huku akayaona matete, aliniambia, shemeji, hapa pamelala bure. Bure! Lakini nisimwonee peke yake. Kila mtu alikuwa anafyeka, huyu mpunga, yule nyanya, na mwingine anachoma moto asijue hata atapanda nini. Mto nao ulishaanza kushuka mwekundu kwa udongo wa mashamba ya juu. Mbasa wakaadimika, na mamba wakabaki hawana pa kujificha wala cha kula. Tukaanza kuwaona mchana kweupe, karibu na vyombo vyetu. Mbuzi wakaanza kupotea, kisha mbwa. Tulijua kinachofuata baada ya mbwa, ila hakuna aliyekisema.

Kipande alicholima Egidi kilikuwa cha mzee Nathanieli, mtu wa mdomo mkali, anayewauzia matete waezekaji. Alimpa kwa sharti moja tu: lima huko juu, matete yangu usiguse. Egidi akaitikia kwa heshima zote, halafu akawa anayakata kidogo kidogo kwa upande wa majini ili apanue bustani yake. Kila akikata, jicho lake liko kwenye njia ya mzee. Edina alimkanya. Mimi nilimgombeza mpaka nikachoka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa lipo jambo la kwetu. Ukiwa majini humtaji mamba kwa jina, maana ukimtaja umemwita. Tunasema mwenyewe. Egidi alishaambiwa hilo siku za mwanzo, akacheka. Neno la kuambiwa ukubwani halikai kama neno ulilozaliwa nalo. Kwao Mbuji mwenyewe ni mwenye shamba, basi.

Asubuhi ile nilikuwa kwenye kichanja nageuza usipa, Edina anasugua sufuria kwa mchanga. Egidi alikuwa ndani ya maji ya magotini, panga mkononi, kwenye kichaka cha mwisho cha matete ya mzee. Edina akaacha kusugua. Nikafuata macho yake, nikaona maji yakijikunja bila upepo, yakielekea kwa Egidi. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Mdogo wangu ndiye aliyeweza.

"Egidi! Mwenyewe! Mwenyewe huyo!"

Egidi hakutazama maji. Alitazama njia. Kisha, Mungu wangu, akachuchumaa. Akajikunyata nyuma ya matete, maji yakamfika kifuani, akatulia kabisa kama mtu aliyejificha. Na Edina akazidi kumwita kwa neno lilelile, na kadiri alivyoita ndivyo mumewe alivyozidi kuinamisha kichwa.

Kilichofuata sitakieleza chote. Maji yalilipuka, Egidi akatoa mlio ambao mpaka leo nikiusikia kwa mbuzi naondoka. Aliponea kwenye matete yaleyale. Aliyakumbatia yale mashina ambayo panga lake lilikuwa halijayafikia, mizizi ikashika, na wanaume wakawahi na makasia wakampiga yule mnyama mpaka akaachia. Mguu wa kushoto ulikuwa hautazamiki.

Tulimpeleka Mbinga hospitali kwa gari la mkaa, kichwa chake mapajani kwa Edina, mimi nimekaza khanga juu ya goti lake. Kwenye kona za kupanda mlima alifumbua macho akamtazama mkewe.

"Nilidhani ni mzee Nathanieli," alisema.

Edina hakulia. Alianza kutetemeka hapohapo, na mtetemeko ule haujamwisha.

Egidi alipona, mguu ukabaki hospitali. Sasa anakaa barazani anachambua maharage, na kiu yake, maji yake ya kuoga, vyote ni ndoo ya Edina. Kichaka kile cha mwisho nacho kimeshalimwa, mzee mwenyewe amepanda vitunguu. Kwa hiyo tunashuka wawili. Tukifika, mdogo wangu anapaza sauti mbele ya ziwa zima: "Mamba! Mamba! Mamba!" Wazee wanamfokea kwamba anatuitia balaa. Nami nilimwambia hivyohivyo siku ya kwanza.

"Dada Beata," alinijibu, "akiitwa atakuja, asipoitwa atakuja. Matete hayapo. Angalau tujue anayeitwa ni nani."

Kisha anainama kuchota, nami nimeshika pindo la khanga yake kwa mikono miwili, nikitazama maji, na jina lile nalitaja pamoja naye.