Nilivyojivunia mifupa ya mjukuu wangu, kisha nikamvunja mkono mwenyewe

Wakuu, ningepewa siku moja niirudishe, ningerudisha ile Jumamosi mjukuu wangu aliponiita babu kwa Kiganda, "Jjajja, ingia turuke!" nami nikavua viatu.

Salamu kwanza. Sitaongeza chumvi, aibu yenyewe inatosha.

Mimi ni mzee Mkenya niliyezeekea Kampala. Tunaishi flati za Bugolobi, mimi, mke wangu, binti yetu Rose na mwanawe Trisha, miaka saba.

Kila asubuhi nilikuwa nampeleka Trisha shule. Pale barabara kubwa alikuwa akinishika mkono bila kuambiwa. Ndiyo kazi pekee niliyobaki nayo tangu nistaafu, na niliipenda.

Sasa mjue nilikuwa na majivuno. Trisha nilimnunulia mukene, dagaa wa huku wa kukomaza mifupa, soko la samaki la Ggaba kwenyewe. Mtoto wa jirani alipovunjika akafungwa plasta nikasema, "Huyo wanamlea kwa soda. Wangu ni chuma."

Jumamosi hiyo kulikuwa na birthday hapo chini, wakakodi bouncing castle, lile jumba la mpira la kujazwa upepo. Mwenye jumba akanipigia kelele, "Mzee, wakubwa hapana!"

Mke wangu naye: "Baba Rose, utaaibika."

Nikaingia.

Niliruka mara moja tu. Mimi nilipotua, Trisha alipaa kama chapati inayogeuzwa, akaangukia mkono.

Hospitali nilibishana. Huyu hawezi kuvunjika, anakula mukene!

Daktari akainua eksirei. "Mifupa yake ni mizuri, mzee. Mtoto mwenye afya pia huvunjika, hasa umri huu wa kukua na kurukaruka. Aliruka na nani?"

Chumba kizima kikanigeukia.

"Una kilo ngapi?"

"Themanini."

"Mia na nne," mke wangu akasema. Hakuna aliyemuuliza.

Kumbe mzito akitua karibu na mwepesi, mwepesi hurushwa kwa nguvu ya yule mzito. Nilikagua soda za watu, na hatari yenyewe ilikuwa imevaa soksi zangu.

Kwa hiyo wajukuu walisheni vizuri, ila msiruke nao. Na msimseme mzazi mwenye mtoto wa plasta. Jirani nilimwomba radhi, alicheka mpaka akakaa chini.

Wenye wajukuu, mlishaharibu hivi? Imani yao mliirudishaje? Nichekeni kwanza, kisha mnijibu.

Maana mkono umepona, lakini ile kazi ya kumpeleka shule nimeipoteza. Trisha ameomba mwenyewe apelekwe na bibi yake. Pale barabarani anamshika bibi mkono.

Mimi nafuata nyuma na begi.