Nusu Waimbe, Nusu Wanyamaze

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Fidès alimwambia mumewe, Nahayo, kwamba amevaa shati ndani nje. Nahayo akasema hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, hakuna wa kumtazama.

"Mi nakutazama," akajibu, akamgeuzia mwenyewe.

Wiki ileile malaria ikamchukua Fidès.

Lakini mwanamke huyo alikuwa ameshawashinda wasomi.

Kwao Burundi alikuwa daktilo, mpiga chapa wa ofisini. Mwaka 1996 mhandisi wa kwao, Épitace, alimpa kazi katika nyumba ya kupanga pale Area 49, Lilongwe. Épitace alikuwa anaunda lugha ya kompyuta. Nahayo akauliza ni lugha gani isiyo na wasemaji. Fidès akamweleza: kila neno lake ni kama chigayo, mashine ya kusaga. Unamwaga mahindi, unapata unga. Mahindi yaleyale, unga uleule. Haikumbuki mahindi ya jirani.

Kazi yake ilikuwa kuyajaribu maneno hayo. Skrini nyeusi, anaandika amri moja, anabonyeza. Majaribio sitini na manne yanajiendesha yenyewe, kila moja linasema limepita au limeanguka.

Jumatatu, la thelathini na moja likaanguka. Akaliendesha peke yake, likapita. Pamoja na mengine, likaanguka tena. Na Ijumaa wafadhili walikuwa wanakuja kutazama. Wasiporidhika, ofisi inafungwa.

"Maman Fidès, lifute hilo," Épitace akasema. "Bageni batahesabu? Sitini na tatu inatosha."

"Chigayo inatoa unga ya jirani, na we unataka nifunge mlango tu?"

"We ni daktilo, si ingénieur!"

"Njo maana naangalia kila herufi."

Sasa, Fidès aliongoza kwaya ya kanisa pale Dzaleka. Sauti moja ikipotea kati ya waimbaji arobaini, hakuuliza ni nani, maana kila mtu angemtaja jirani yake. Alinyamazisha nusu, akasikiliza nusu. Halafu nusu ya nusu. Akayafanyia majaribio vilevile: yote yanayolitangulia lile bovu, akanyamazisha nusu, akabonyeza, akanyamazisha tena.

Alhamisi mchana yakabaki mawili. La kumi na mbili lilikuwa linaacha jibu lake ndani ya mashine, na la thelathini na moja linaliokota kama lake. Kosa halikuwa la jaribio. Lilikuwa ndani ya lugha yenyewe.

Épitace alitazama, akarekebisha mstari mmoja.

Ijumaa, mbele ya wageni, Fidès alibonyeza mwenyewe. Épitace akapiga makofi kabla yao. "Ni huyu mama," akawaambia.

Jioni ile, kule Dzaleka, Nahayo alikuwa analima. Alimsikia kabla hajamwona, amepakiwa nyuma ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, dereva anacheka, yeye anapiga kelele kutoka mbali:

"We Nahayo! Sitini na ine, yote imepita! Tupa jembe, bwana ya fundi, kuja unishushe!"