Kisigino Hakina Namba

Kiatu changu cha mguu wa kulia kilifika chini kabla yangu. Mimi nilikuwa bado juu, urefu wa nyumba tatu zilizopandana, naning'inia kwenye kamba mbele ya mwamba nje kidogo ya Mashewa, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Kiatu kiligonga jiwe, kikaruka, kikaingia katika shamba la mihogo la watu. Mkufunzi aliyekuwa ameshika kamba chini alikisindikiza kwa macho, kisha akainua uso.

"Kimekuvuka," alisema.

Ndivyo alivyo. Ni mtu ambaye mvua ikimnyeshea atakutaarifu kwamba amelowa.

Siku hiyo ilikuwa ya jaribio. Kuna kampuni ndogo inayoleta wageni wanaopenda kupanda miamba kwa kamba, nayo ilikuwa inatafuta wenyeji wawili wa kutangulia juu, kufunga kamba, na kuwaonyesha wageni pa kukanyaga. Tulianza mafunzo watu sita. Nafasi ya kwanza ilichukuliwa na mkata mbao wa palepale Mashewa, mtu anayepanda kama anayeshuka. Ya pili niliambiwa ni yangu iwapo nitaipanda njia nzima bila kuiegemea kamba. Niliitaka kazi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Kwa miaka mingi nimeishi kwa kazi za kuitwa na kuachwa: kuandika mihtasari ya vikao, kupita nyumba kwa nyumba na dodoso la mtu mwingine. Hii ingekuwa ya kwanza yenye mkataba.

Kilichonikwamisha ni kisigino. Katikati ya njia ile kuna mahali tunapaita darini, kwa sababu mwamba unatokeza na kukufunika kichwa. Mikono peke yake haitoshi pale. Inabidi unyanyue mguu wa kulia mpaka usawa wa bega, uangike kisigino juu ya ukingo, halafu ujivute kwa mguu huohuo. Kiatu kikishika, unapita. Kiatu kikizunguka mguuni, umebaki na mikono miwili na majuto.

Mimi nina visigino vyembamba. Kampuni ilikuwa na gunia la viatu vya kupandia, na vyote vilikuwa na nyuma pana kama kinu. Nilipolalamika, mkufunzi alinieleza kwa upole wa mtu anayeongea na kiziwi.

"Nimeviagiza vipana makusudi. Sisi Waafrika miguu yetu ni mipana."

Nikavua, nikamwonyesha wangu. Akautazama kama anatazama risiti ya duka jingine.

"Labda kwenu mna asili ya nje," akasema. "Vaa soksi mbili."

Kwetu ni Kwamsisi. Mama yangu ana visigino hivihivi na bibi yangu alikuwa navyo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuvuka Mto Wami. Lakini ukishamwambia mtu kwamba kanuni yake ina kasoro, anakuona wewe ndiye kasoro.

Sitamlaumu peke yake. Watu wetu hawajui kiatu kinachotosha ni kitu gani, na nasema hivi nikiwa mmoja wao. Tulipokuwa watoto tulinunuliwa viatu vya mwaka wa keshokutwa. Mbele kunajazwa karatasi, nyuma kunapwaya, na mtoto anafundishwa kukunja vidole ili kiatu kisimwache njiani. Siku mguu unapokifikia kiatu, kiatu kimekwisha. Tumekua hivyo, tukaota ndevu, tukaoa, tukaolewa, na mpaka leo mtu mzima akinunua kiatu anabonyeza ncha kwa kidole gumba kuona kama imebaki nafasi, kana kwamba bado anarefuka. Nyuma hakuna anayebonyeza.

Nilianza na fundi viatu, jirani na stendi ya Korogwe. Nilimpa viatu vya kampuni abane nyuma. Alivipokea kwa kujiamini kwingi, akakata sponji ya godoro, akaibandika ndani kwa gundi ya pancha. Nilipopanda mara ya kwanza, sponji ilibanduka ikajiviringisha chini ya unyayo, nikawa napanda huku nimekanyaga kitu kama andazi. Niliporudi kwake alininusia kile kiatu mbele ya wateja.

"Gundi haina shida, dada. Jasho lako ndilo kali."

Wakacheka. Nikachukua viatu vyangu.

Baadaye nikaenda kwenye mitumba, palepale Korogwe. Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo, mnene, amepanga viatu juu ya turubai, mguu mmoja mmoja, kama wanavyofanya ili wezi wasishawishike. Katikati ya raba na makubazi nilikiona kiatu chembamba, cheusi, ncha imejikunja kidogo, soli nyororo isiyo na meno. Kiatu cha kupandia, cha mguu wa kushoto.

"Hicho cha kuogelea, dada!" aliita. "Ukikivaa, maji hayaingii."

Alikichukua kiatu akakibana soli kwa soli na kandambili yangu. Ndicho kipimo chao chote.

"Mguu wako huu huu. Thelathini na nane."

"Na kisigino?"

"Kisigino kimefanya nini?"

"Nataka kujua upana wake."

"Kisigino hakina namba," alisema, na wenzake wa turubai za jirani wakaitikia kwa kicheko.

Nilikivaa. Nyuma ilinishika pande zote mbili, kama mkono wa mtu anayekusalimia kwa dhati. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na ndiyo mara ya kwanza kiatu kinanishika. Muuzaji akainama, akabonyeza ncha.

"Hapana. Kinakubana. Kidole hakipumui."

"Sitaki kipumue."

"Kitakuotesha sugu, mdogo wangu," alisema mama mmoja aliyekuwa akichagua viatu vya shule. Mkononi alikuwa na kiatu ambacho mtoto angeweza kulala ndani yake.

"Kiache kinioteshe. Cha pili kiko wapi?"

"Kipo," alisema muuzaji.

Nimezoea neno hilo. Kwa wauzaji halina maana ya mahali.

"Kipo wapi?"

Akakuna shingo. "Kipo Mkata."

Habari yenyewe niliitoa kwake kidogo kidogo. Yeye na shemeji yake, kaka wa mkewe, mzee mwenye genge la viatu Mkata, walinunua belo moja kwa ubia. Wakagombana nani alilichagua belo baya. Wakaamua kugawana. Viatu havikuwa vimefungwa jozi jozi, vilikuwa vimevurugika ndani, na hakuna aliyemwamini mwenzake kukaa kuvipanga. Basi wakahesabu kimoja kimoja: hiki changu, hiki chako, hiki changu, hiki chako, mpaka belo likaisha. Kila mmoja akaondoka na idadi sawasawa, na hakuna aliyeondoka na mali.

"Mliona mnachofanya?" nilimuuliza.

"Tuliona."

"Sasa?"

"Yeye ndiye aliyeanza."

Alinipa kiatu cha kushoto bure. Alisema kwake hakina kazi, na nikikipata cha pili nisisahau kwamba yeye ndiye aliyenisaidia.

Jaribio lilikuwa Ijumaa. Jumatano nilipanda basi kwenda Mkata. Genge la mzee lilikuwa nyuma kidogo ya barabara kuu, mbao zimesimamishwa zikapigiliwa misumari kutoka juu hadi chini, na kwenye misumari vimetundikwa viatu, vingi havina wenzao. Mzee mwenyewe alikuwa na kofia safi na ndevu za hina.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu viatu."

Cha kulia kilikuwa mstari wa pili. Alikishusha mwenyewe, akanipa nijaribu. Kikanishika kama cha kwanza. Kwa furaha nikafanya kosa: nikatoa cha kushoto kwenye mkoba, nikaviweka pamoja. Mzee akakunja uso.

"Hicho umekitoa wapi?"

"Korogwe."

"Kwa yule."

"Kwake, mzee."

Akanyoosha mkono. Nikavua. Akakirudisha kwenye msumari wake.

"Hakiuzwi."

"Mzee, nakihitaji kwa kazi. Keshokutwa napimwa. Taja bei yoyote."

"Mwanangu, mimi na wewe hatuna ugomvi. Ningekupa bure. Lakini nikikupa wewe leo, kesho atamtuma mwingine, mpaka avimalize vyake vyote, mimi nibaki na mbao. Aje mwenyewe. Aseme, shemeji, nilikosea."

"Nimpigie simu?"

"Simu ni ya kuulizia bei ya mahindi. Aje."

Muuza mihogo ya kukaanga aliyekuwa upande wa pili wa njia akapaza sauti. "Mpe dada wa watu, mzee! Vinakuozea hapo!"

"Geuza mihogo yako, inaungua," mzee akamjibu, bila kugeuka.

Nilimpigia yule wa Korogwe palepale, nimesimama kwenye vumbi la malori. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimemuoa dada yake," alisema. "Nimemtunza. Halafu nikampigie magoti kwa ajili ya kiatu kimoja?"

"Si kiatu chako. Ni changu."

"Basi mpigie magoti wewe."

Nilifikiri kufanya hivyo, na sioni aibu kuandika. Nilirudi, nikamwomba mzee tena, nikamweleza kuhusu kamba, wageni na mkataba. Alinisikiliza kwa heshima, akaniagizia soda, akakataa. Ukaidi wa watu wengine una adabu, na ndiyo maana unachosha zaidi. Wanaume wawili wenye wajukuu, kila mmoja amekalia rundo la viatu visivyovalika, wanasubiri mwenzake aanze.

Ijumaa nilipanda nikiwa na kiatu changu kushoto, na kulia kiatu cha kampuni chenye soksi mbili ndani. Mpaka darini sikutetereka. Niliangika kisigino cha kulia, nikajivuta, nikausikia mguu ukitoka ndani ya kiatu taratibu, kama mtu anayeondoka kwenye kikao bila kuaga. Mengine nimekwisha kuyasema.

Mwenye kampuni alikuwepo. Aliona kwamba kilichoshindwa ni kiatu, na hilo namshukuru. Akanipa nafasi moja zaidi, Jumatano inayofuata, na akasema haitakuwepo nyingine kwa sababu wageni wanafika wiki hiyo hiyo. Mkufunzi alinirudishia kiatu alichokiokota kwenye mihogo.

"Safari ijayo ukaze," alinishauri. Viatu vyenyewe havina kamba. Ni vya kuchomeka tu.

Habari zilimfikia mke wa yule wa Korogwe, ambaye ndiye dada wa mzee wa Mkata. Ni mtu pekee katika mkasa huu mwenye akili timamu, na hakuna aliyemshirikisha. Jumamosi alinitafuta, akaniomba radhi kwa niaba ya wanaume wake wote wawili, akasema ataenda mwenyewe kwa kaka yake na atarudi na kiatu. Jana, Jumapili, alikwenda.

Alinipigia saa kumi jioni akiwa palepale gengeni. Nilisikia malori yakipita nyuma yake.

"Mdogo wangu, ulisema mstari wa pili?"

"Wa pili kutoka juu."

"Msumari upo. Kiatu hakipo."

Mzee anaapa hajakiuza wala hajampa mtu, na anasema shemeji yake ametuma mwizi. Shemeji anaapa hajatoka Korogwe wala kumtuma mtu, na anasema mzee amekificha. Muuza mihogo anasema alimwona mwanamke amesimama pale Ijumaa asubuhi, na anadhani alikuwa mimi. Ijumaa asubuhi nilikuwa Mashewa, kwenye kamba. Leo ni Jumatatu, jaribio ni keshokutwa, na hakuna anayejua kiatu kiko mguuni mwa nani.